Zamu ya Jumatano

Jumamosi nafungua madirisha kumi na manne
nyumba ivute pumzi.
Kazi yangu ndiyo hiyo, na kufuta vumbi
juu ya nailoni iliyofunika makochi
yaliyopandishwa Kibosho kwa fuso mbili
mwaka ule Elirehema alipopata cheo.
Nailoni haijatolewa.
Siku moja, miguu ikiniuma, kochi moja nikalikalia.
Likalia.
Nikainuka, nikaomba radhi, sijui kwa nani.

Friji lina milango miwili. Ndani mna
betri za rimoti na mshumaa wa ubatizo.
Runinga ni pana kuliko kitanda changu.
Saa za ukutani ni tatu,
kila moja na ukweli wake.

Hupiga simu kila mwisho wa mwezi:
Ndeshi, mzigo umefika?
Umefika, kaka. Kapeti.
Na baiskeli ile ya kukanyaga isiyokwenda popote.
Iweke chumba cha tano.
Cha tano kimejaa, kaka.
Basi cha sita.
Migomba, hajawahi kuiulizia.

Nami si malaika. Nimeteremka Moshi mjini,
nimeinama juu ya mitumba ya Memorial,
nimepanda na viatu vya visigino jozi nne.
Vya kutembelea wapi, kwenye tope hili?
Nikivivaa jikoni, kuku wananishangaa.

Sasa nikwambie habari ya gereji.
Kila masika maji huingia.
Hayapiti darini, hayapiti mlangoni,
yanapanda kutoka chini, katikati ya marumaru,
taratibu, kama mtu anayerudi kwake usiku
asitake kuamsha watoto.
Fundi ameletwa mara nne.
Saruji. Lami. Pampu. Pampu kubwa zaidi.
Maji yanamsubiri apande pikipiki yake,
aitikiwe kwaheri,
ndipo yanaingia.

Mimi najua. Mzee Kaanaeli, baba yake,
zamu yake ya maji ilikuwa Jumatano.
Mfongo ulishuka toka msituni ukapita hapa hapa,
chini ya gari lisilowashwa,
na alfajiri ungemwona mzee, suruali imekunjwa,
jembe begani, mluzi umemtangulia jogoo.
Hakuwa na saa. Jumatano aliijua kwa nyayo.
Kuzibua tope walitoka watu wa nyumba ishirini na tatu;
ukikosa, faini yako kibuyu cha mbege,
na wapo waliokosa makusudi
wapate sababu ya kuwanywesha wenzao.

Desemba Elirehema alikuja siku tano.
Ya kwanza aliwaonyesha wageni nyumba.
Ya pili akawaonyesha wengine.
Ya nne nikamkuta gerejini kabla hakujapambazuka,
miguu mitupu, marumaru makavu.
Ndeshi, akasema, nimenunua kila nilichokitaka.
Nikangoja. Nilidhani ataendelea.
Usiku nasikia kitu kinapita chini yangu.
Leo Jumatano, nikamwambia.
Hakuelewa. Au alielewa,
maana alikwenda kuosha gari
lililokuwa safi.

Sasa ni Aprili. Pampu nyingine imekuja,
bado imo kwenye boksi, nimeanika juu yake sufuria.
Nimelala nikiwaza, nimeamka na mtaimbo.
Nimebandua marumaru kumi na moja,
nikayapanga ukutani, yote mazima,
asije akasema nimevunja.
Chini ya ukuta, upande wa migomba,
nimetoboa tundu la kupita jembe.
Maji yakaingia. Hayakunitazama.
Yakatokea upande wa pili kama yaliyochelewa kazini.

Simu inaita kiunoni. Mwisho wa mwezi.
Nimekunja kitenge, nimo kwenye maharage,
tope limefika vifundoni.
Nitapokea mikono ikikauka.